Malalamiko Dhidi ya Mama Mkwe Aliyemaliza Vita Vyangu

Kwa Shangazi,
Mwenyekiti wa Vikao vya Familia,
Chumba cha mbele, karibu na redio.

Shangazi Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA VITA

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii inakukuta salama na kwamba goti limepunguza kuuma. Sisi huku ni wazima wa mwili. Kuhusu moyo, naomba usome mpaka mwisho.

Nakuandikia kwa adabu zote kumshtaki Mama Mkwe. Najua ni rafiki yako, na najua mkikaa pamoja chai hupoa kabla hamjanyamaza. Lakini ni wewe uliyeniambia siku ya harusi yangu kwamba nikionewa nije kwako. Nimeonewa.

Unafahamu kwamba mimi na Kaka Rula hatuongei. Ukoo mzima unafahamu. Ilianza siku ile kwenye kliniki ya meno, mbele ya daktari aliyeniagiza mlango. Kaka akatoa pimamaji mfukoni, kile kipimo cha kuonyesha kama kitu kimenyooka, akaliweka kwenye mlango wangu, akakikodolea macho kile kiputo, halafu akatikisa kichwa. Hakusema neno, Shangazi. Bora angetukana. Nikamwambia yeye si baba yangu, akabeba ngazi yake akaenda zake. Kesho yake karakana yetu ilikuwa imekatwa katikati kwa plaiwudi, na sitasema ni nani aliyeipigilia.

Jambo usilolijua ni kwamba sote wawili tuna vidude vya gemu, vile vya kushika mkononi, tulivyonunua pamoja kabla ya ugomvi. Tafadhali usidhani ni kama ile ya matofali yanayodondoka unayocheza kwenye simu ukisubiri wali uive. Hii ni gemu ya kuumiza kichwa. Unatawala nchi nzima: unalima, unajenga bandari, unatuma mabalozi, unapeleka majasusi, unapigana. Unacheza zamu yako, kisha adui yako anacheza yake kwa mtandao, hata kama amekaa nyuma ya plaiwudi anapiga chafya. Mimi hucheza gundi ikikauka. Kaka hucheza vanishi ikikauka. Wateja wanatusifu kwamba siku hizi kazi zetu hazina haraka.

Wiki iliyopita nilikwenda kufunga makabati kwenye ofisi fulani, na zamu ikipita bila kuchezwa nchi inayumba. Nikamwachia kidude Mama Mkwe, aliyekuja kututembelea. Maagizo yalikuwa mepesi: kikilia, bonyeza kitufe cha kijani, basi. Nilisahau kwamba namwachia mwalimu mstaafu wa chekechea. Mke wangu, ambaye namtaja hapa kama mshirika wa kosa, alikaa pembeni akimsomea maneno. Niliporudi nilikuta haya:

1. Jeshi langu limepewa likizo. Nilikuwa nimeizingira ngome ya Kaka Rula kwa ustadi mkubwa, wapanda farasi huku, wapiga mishale kule. Mama Mkwe akaona watoto wa watu wamesimama juani tangu asubuhi, akawahurumia, akawarudisha makwao. Farasi wanalima.

2. Majasusi wameitwa nyumbani, kwa maelezo kwamba kuchungulia dirisha la mtu si adabu. Mkuu wao, mtu hatari ambaye hata mimi niliyemwajiri nilikuwa namwogopa, sasa ni mkuu wa shule.

3. Amempelekea Kaka Rula zawadi: ngano, asali na mbao. Mbao, Shangazi! Nina msitu mmoja tu wa miti migumu, na nilikuwa nautunza kwa ajili ya meli za kumvamia yeye huyohuyo.

4. Ametia saini mkataba wa amani wa zamu mia moja. Gemu hii haina masihara na mikataba. Ukiivunja, wananchi wanakuasi, na hawa wangu wataasi kwa furaha. Kwenye kona ya kioo kuna kisura kidogo kinachoonyesha hali ya raia. Tangu nianze kutawala kisura hicho kimenuna. Sasa kinacheka mpaka magego yanaonekana, na mke wangu amenionyesha mara kadhaa bila kuulizwa.

5. Amemwoza binti yangu. Ni binti wa kwenye gemu, sawa, lakini ni mimi niliyemlea, na amemwoza kwa mtoto wa Kaka Rula, wa humohumo kwenye gemu, bila hata kuniuliza kama nina neno. Maana yake mimi na kaka yangu wa tumbo moja sasa ni wakwe. Nikikutana naye bombani namsalimu vipi? Mkwe hatukanwi. Mkwe hachomewi ghala. Nilikuwa na matusi yangu mazuri niliyoyatunga nikipiga msasa, sasa yananiozea tumboni.

6. Hapa naomba usome polepole. Amenikatia mazungumzo na kaka yangu.

Watu wanaiona plaiwudi wanadhani hatusemeshani. Tulikuwa tunasemeshana kila siku! Akichoma daraja langu asubuhi, najua ameamka salama. Akija kwa pupa bila mpango, najua amegombana na mteja, basi namwachia mji mdogo auteke roho itulie. Alipougua homa hakuweza kucheza vizuri, na meli zake zikabaki bandarini bila mlinzi. Ningeweza kuzizamisha zote. Sikuzigusa. Nilizituma za kwangu zikazikinge na maharamia mpaka alipopata nafuu. Hakusema asante. Alipopona tu akanishambulia, nikafurahi mpaka nikashindwa kushika randa.

Sasa kuna amani, na upande wa pili kimya. Zamu yake ikifika anabonyeza kitufe cha kijani, basi. Sijui kama amekula. Sijui kama mgongo unamsumbua. Nasikia msumeno wake tu, na msumeno hausemi kitu. Nina hamu na kaka yangu, Shangazi, na kilichonitenga naye ni amani.

Kwa sababu hizo naomba kikao cha familia kiitwe upesi, kiamue yafuatayo. Mama Mkwe auvunje mkataba kwa kidole kilekile alichousainia. Ndoa ivunjwe kwa heshima, na binti arudi na vyombo vyake. Farasi warudi vitani, hata kama wamezoea jembe. Mkuu wa majasusi aachishwe ualimu kabla hajaupenda. Na kuanzia leo Mama Mkwe asiguse kitu chochote chenye kitufe nyumbani kwangu, ikiwemo pasi, redio na swichi ya taa ya barazani. Ikibidi amwombe Kaka Rula radhi kwa kumletea amani bila taarifa, niko tayari kumsindikiza mpaka kwenye plaiwudi.

Kikao kisipokaa, itanibidi nichukue hatua ambayo sitaki hata kuifikiria. Itanibidi nigonge ile plaiwudi na kuongea naye kwa mdomo. Sidhani familia yetu inataka tufike huko.

Nisalimie Baba Mdogo na kikohozi chake, mapacha wote wawili hata yule asiyeitikia salamu, jirani wa juu anayekuletea magazeti, na kila atakayeuliza habari zangu. Mama Mkwe pia msalimie ukimpigia simu, lakini kwa ufupi.

Ni mimi mwanao mtiifu, niliyenyang'anywa vita,

Seremala Mdogo

N.B. Shangazi, usiitishe kikao. Nilikuwa natafuta bahasha plaiwudi ikagongwa. Ikaanza kung'olewa, msumari mmoja mmoja, mpaka ikaanguka, na Kaka Rula akawa amesimama pale na nyundo mkononi, nywele zimejaa vumbi la mbao. Amekonda kidogo. Akasema ameziona zawadi, na zile mbao zilimtoa machozi, kwa sababu anajua nilikuwa nazitunza kwa ajili gani. Akasema yeye ndiye mkubwa, ndiye aliyepaswa kuanza, na ameona haya siku zote hizi kwamba nimemtangulia, ndiyo maana alikuwa hathubutu kucheza. Halafu akasema alirudi kwa yule daktari wa meno akapima upya. Ukuta ndio uliopinda. Mlango wangu umenyooka.

Tumekula chakula chake, na amenitukana kwa mdomo wake mwenyewe kuhusu ninavyonoa patasi. Nimefurahi sana. Anauliza harusi ya watoto tuifanye lini, na mkuu wa shule amealikwa.

Habari za Mama Mkwe sikumwambia, sioni haja. Ichome barua hii, na umbembeleze rafiki yako anyamaze. Yeyote akiuliza, kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.