Ombi la Kurudishiwa Moshi Wangu

Kwa Bi. Karambu,
Mwenyekiti, Kikundi cha Akina Mama cha Jikoni Kweupe,
Timau.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: MOSHI ULIOONDOLEWA BILA IDHINI YANGU

Natumai baridi ya huku haijakushinda. Mimi ni mzima, ila boma langu limeharibika tangu kikundi chako kilipomjengea mke wangu Kendi jiko lenye chimni ya kutolea moshi na kutoboa dirisha jikoni. Mlisema mnasafisha hewa. Sikupinga, kwa kuwa sikuulizwa. Sasa nisikilize kwa utaratibu.

1. Miaka thelathini nimejua aliko bibi yangu kwa kikohozi chake. Akikohoa, yuko jikoni na chakula ki njiani. Siku hizi kimya kimezidi, inabidi niinuke kumtafuta, nami nina goti baya.

2. Kikohozi kilipoisha, akaanza kuimba. Alikuwa ameacha kwaya miaka tisa kwa sababu ya kifua. Sasa amerudi, tena sauti ya kwanza, na kila Jumamosi yuko mazoezini. Chai ya saa kumi naachiwa majani na sufuria, nijijue.

3. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatukuhitaji jembe, tulikuwa na moshi. Shemeji yangu Mwendwa alikuwa akimsalimia dada yake kwa machozi na kuondoka kabla ugali haujaiva. Sasa anakaa, anakula, na anasifu dirisha.

4. Hili ndilo zito. Kwetu Wameru mwanamume mzima hashindi jikoni. Lakini tuseme ukweli, mila ilisaidiwa sana na macho kuwasha. Siku hizi Kendi ananiita, "Baba Mutegi, si uingie, huko nje utaganda!" Niliingia mara moja tu, kukagua kazi ya fundi wenu. Mzee wa kanisa akanikuta nikimenya viazi, beseni la pili. Rika langu lote limesikia.

Kwa hivyo nadai, ndani ya siku kumi na nne, dirisha lizibwe na chimni ing'olewe. Mkiona ni vigumu, nitakubali nusu ya moshi, siku za Mwendwa na za kwaya.

Wasalimie wanakikundi wote, hata fundi Riungu aliyetoboa ukuta wangu huku akipiga mluzi.

Ni mimi niliyenyimwa moshi,
Mzee Kailemia

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, ndege alijenga kiota ndani ya chimni. Jumatatu asubuhi moshi ukarudi wote, kama nilivyoomba. Kendi alikohoa hadi akashika mwimo wa mlango, asiweze hata kuniita. Niliogopa, Mwenyekiti. Niliegemeza ngazi, nikapanda juu ya bati na goti langu hilo baya, nikakitoa kiota kwa mkono. Tafadhali mtume Riungu aje na wavu wa kufunika juu, na afike kabla ya Jumamosi. Kendi ana mazoezi, na chai nitajipikia mwenyewe.