Tonge na Mizani ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Nyumba imevamiwa. Shemeji, dada yake mke wangu, kaja asubuhi kabla sijamaliza chai, mizani kaibana kwapani. Ni muuguzi. Watu wengine wakitoka kazini huiacha kazi hukohuko. Yeye huja nayo kwa ndugu.

Kilichomleta ni Tonge, mbwa wetu. Mdogo, mweupe, sikio moja la kahawia, miguu mifupi mno kwa tumbo alilopewa kulibeba. Kumpima ni kazi. Akiwekwa juu ya mizani anadhani ni sahani, anailamba. Kwa hiyo Shemeji ana utaratibu wake. Mimi nambeba Tonge, napanda naye, anasoma. Kisha namweka chini, napanda peke yangu, anasoma tena. Kinachopungua ndicho uzito wa mbwa. Kilipungua kingi! Shemeji akasema huyu si mbwa, ni mto wa kochi wenye mkia. Mimi ni fundi makochi. Maneno hayo nilijua yamemlenga nani.

Hukumu: atarudi Jumamosi. Tonge akiwa hajapungua, anamchukua akaishi kwake. Anasema ndiye aliyetuletea, basi anaweza pia kumrudisha. Nikacheka. Mke wangu hakucheka. Nikaacha.

Jioni, kabichi ya kuchemsha kwa wote watatu, mimi, mke wangu na Tonge. Daktari alishanikataza mafuta, na hawa dada wawili wameamua mbwa na mimi tutibiwe pamoja, dozi moja.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: mazoezi. Raba miguuni, kamba mkononi, Tonge mbele, mimi nyuma, majirani wakitushangaa. Tulikwenda vizuri sana mpaka kwenye kona.

Kwenye kona kuna muuza chipsi. Tonge akaketi. Nikavuta. Hatoki. Ni mbwa wa kubebwa kwa mkono mmoja, lakini akikataa ni mzito kuliko kabati. Muuza chipsi akamsalimia, akamwita bosi. Nikamuuliza kwa ukali amemjulia wapi mbwa wangu. Akasema nani asiyemjua, kisha akaniuliza kama leo natia pilipili au niwekewe bila.

Nilikula sahani moja tu, ya kunipa nguvu za kurudi. Tonge hakupewa kitu. Alikula vilivyodondoka. Vilidondoka vingi, mkono wangu siku hizi hautulii.

Nyumbani mke wangu alinisogelea, akaninusa sharubu, akarudi jikoni kwenye kabichi yake. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 5 Juni

Akili ni mali! Karakanani kwangu, yaani chumba cha mbele, kuna kochi la mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Nimelifumua mgongo, ndani sponji tupu. Nikajiuliza: nani duniani atatafuta paja la kuku ndani ya kochi? Nikalifunga kwenye karatasi, nikalipenyeza katikati ya sponji na gunia. Mpango ulikuwa niwe nainama kama mtu anayepigilia misumari, naling'ata, nainuka.

Nikatoka kidogo kupokea kitambaa kutoka kwa muuzaji. Kurudi, nasikia kochi linatafuna. Sponji sakafuni, sponji dirishani, sponji hadi kwenye cherehani. Tonge yumo ndani ya kochi, umebaki nje mkia peke yake, nao unacheza.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mwenye kochi akaingia saa ileile. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, huo ni uchunguzi wa kunguni. Nikajiona mjanja. Mwalimu mkuu akaniuliza, polepole, kama nina maana kwamba nyumbani kwake kuna kunguni. Nikajikuta nimesimama wima, mikono nyuma. Anataka kochi lake Ijumaa, na sponji mpya, na asisikie tena hilo neno.

Tonge akatoka ndani akamlamba viatu. Mama huyo, mkali kiasi kile, akachuchumaa akamkuna kidevu, akamwita maskini mdogo, akamuuliza kama hapa huwa wanamlisha kweli.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimekuwa mkali. Sijampa Tonge chochote zaidi ya kibakuli chake, na vile vipande vya chini ya meza, ambavyo havihesabiki. Kamaliza, kakisukuma kibakuli kwa pua mpaka miguuni pangu, kaniangalia. Nikageukia ukuta. Nimeshona mto mzima nikiwa nimeupa ulimwengu mgongo, na vifungo vyote nimeviweka upande wa nyuma.

Lakini tumbo haliendi popote! Tena leo jioni naona limeongezeka. Kuna mtu anamlisha. Nikamshuku muuza chipsi, nikamwendea nikiwa nimejaa hasira. Akaapa kwamba hajamwona bosi tangu Jumanne. Akanionea huruma, akanipa chipsi za bure. Mtu mwema, lakini bado simwamini.

Mke wangu nimemuuliza pia, kwa kutimiza wajibu tu. Akasema hajampa hata mfupa, akaendelea kumenya viazi. Yeye namwamini. Ndiye mwenye msimamo katika nyumba hii.

Sijui nitaandikaje hili. Binti yetu wa mwisho alipoolewa, tulibaki mimi, mke wangu na redio. Redio ndiyo iliyokuwa ikiongea. Tunakula, tunaosha vyombo, tunalala. Ndipo Shemeji akaja na kitu kwenye kikapu. Kitu hicho kikatoa sikio la kahawia nje, kikapiga chafya. Mke wangu akaanza kuongea tena. Kwanza na mbwa, siku nyingi na mbwa tu, halafu na mimi. Nikiifikiria Jumamosi, roho inaniuma kweli. Naogopa ile redio.

Ijumaa, 7 Juni

NIMEPATA!

Kochi la mwalimu mkuu limeondoka asubuhi, akili yangu ikapata nafasi. Nikakaa nikaufikiria utaratibu wa Shemeji. Anatupima pamoja kwanza, kisha mimi peke yangu. Kinachopungua ndicho uzito wa mbwa. Sasa basi! Katikati hapo nikiongezeka mimi, kinachopungua kinakuwa kidogo, na mbwa anatoka mwembamba. Mbwa hakuguswa, hakulala njaa, lakini kakonda!

Niliwaza kujaza misumari mfukoni. Misumari inalia. Chakula hakilii. Baada ya kupimwa pamoja nitasema Tonge ameshikwa na haja, nitamtoa kupitia karakanani, na huko nitakula na kunywa kwa nguvu zote alizonijalia Mungu. Nyuma ya marobota ya vitambaa nimeficha mkate, mayai ya kuchemsha, mkungu mdogo wa ndizi na jagi la maji. Miaka yote nimeambiwa ulafi utaniponza. Kesho utaiokoa nyumba.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji kaja. Tonge alikuwa bado amelala kwenye sponji karakanani, kwa hiyo Shemeji akasema tusipoteze muda, leo tuanze na mimi peke yangu. Nikapanda. Akasoma. Akaniambia nikamlete mbwa.

Nikaingia karakanani. Mkate unaningoja, mayai yananingoja. Mpango ni mpango! Nilikula kama mtu anayezima moto. Tonge aliamka, akaketi, akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona usoni pake. Nikampa yai moja, asijione mgeni. Jagi nikalimaliza bila kushusha pumzi. Nikamkumbatia, nikarudi nimejaa hadi kooni, nikapanda mizani na kichwa juu.

Nilikuwa palepale juu, ndizi ya mwisho haijashuka, ndipo hesabu iliponijia. Peke yangu nimeshapimwa! Nilivyokula vyote vimeandikwa kwa mbwa!

Shemeji akasoma. Akapiga magoti akasoma tena. Kwa mujibu wa mizani, Tonge ndani ya wiki moja kaongezeka karibu nusu ya mwili wake. Shemeji akatuuliza kama tunataka kumuua. Hakuwa na hasira, alikuwa na machozi, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nikafungua mdomo nieleze. Nikabeua.

Kaondoka naye ndani ya kikapu. Sikio la kahawia lilikuwa nje. Mke wangu alisimama mlangoni mpaka wakakata kona, kisha akaingia akawasha redio.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna kabichi leo. Mke wangu hakuwa na moyo wa kunitibu, akakaanga nyama. Imekauka vizuri pembeni, vitunguu juu yake. Wiki nzima nimeiota sahani hii. Nikatafuna. Haina ladha. Nyama! Mimi!

Tukala, redio ikiongea. Mkono wangu ukateremka wenyewe chini ya meza na kipande kati ya vidole, kama kila siku. Hakuna aliyekipokea. Nikabaki nimekishika tu, sijui nikirudishe sahani au nikiache. Kisha kikaguswa. Nikashtuka. Lakini haikuwa pua. Ulikuwa mkono wa mke wangu, nao umeshika kipande.

Tukatazamana. Kikulacho ki nguoni mwako! Mwenye msimamo! Kumbe kila mlo yeye anateremsha kwa upande wake, mimi kwa upande wangu, na Tonge katikati anakula kwa zamu kama tajiri. Akasema alidhani mimi nimeacha kweli, akamwonea huruma. Nikasema na mimi nilidhani hivyohivyo juu yake.

Ndipo nikamweleza na ile hesabu ya jana. Mkate, mayai, ndizi, jagi. Alicheka mpaka akashika meza. Alicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Nikaushika mkono wake vilevile na mafuta yake. Tukakaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi mke wangu kafunga kilemba, kasema twende kwa dada yake sasa hivi. Nikaomba nichukue walau mkate. Akasema sasa hivi.

Tukabisha hodi, hakuna jibu, tukaingia. Shemeji kaketi sakafuni, sare ya kazi haijafungwa vifungo, sahani ya maini mkononi. Anambembeleza, kula basi mwanangu, kula hata kidogo. Kumbe Tonge tangu aondoke kwetu hajagusa kitu. Maziwa hataki, samaki hataki, maini hataki. Amelala tu, uso mlangoni. Mizani imegeuzwa meza, imejaa visahani.

Tonge akatuona. Akainuka polepole, kama haamini, kisha miguu ile mifupi ikaja mbio hadi ikateleza sakafuni. Sikuwa na kitu cha kumpa. Nikanyoosha mikono nimwonyeshe. Wahenga wamesema mkono mtupu haulambwi. Hawakumjua huyu mbwa. Aliulamba wa kulia, akaulamba wa kushoto, akaenda kwa mke wangu akaanza upya. Nililia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Kisha akakumbuka maini, akayamaliza.

Mke wangu akamweleza dada yake kila kitu, tena kwa ishara, pamoja na kule kubeua kwangu. Shemeji akajizuia, akajizuia, akashindwa, akacheka na kujifuta macho kwa mkono wa sare. Akasema mbwa arudi kwao, maana mbwa mnene aliye hai ni bora kuliko mwembamba aliyekufa kwa upweke. Ila ana masharti. Kibakuli kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Mwisho wa mwezi anakuja kumpima, na safari hiyo atambeba mwenyewe. Mimi nisiikaribie mizani.

Jumatano, 12 Juni

Tonge kakonda. Mbavu zinaonekana ukizitafuta vizuri. Mke wangu anasema ninachokiona ni manyoya. Asubuhi nilimpa yai nje ya kibakuli, la kumrudishia nguvu. Mke wangu naye kampa lake, hakujua la kwanza. Tumekubaliana hayo mawili tusiyahesabu, ni dawa.

Wiki hii imenifundisha. Mpango wangu haukuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa kuutumia juu ya mtu asiyefaa. Mwisho wa mwezi anayepanda mizani ni Shemeji. Basi tutamkaribisha chakula cha mchana! Nimechunguza, anapenda kuku wa kukaanga. Atapanda peke yake kwanza, apimwe. Kisha tutamlisha mpaka aombe maji, na maji tumpe mengi. Kisha apande na Tonge. Uzito wote utakuwa wake, mbwa atatoka mwepesi kama unyoya.

Mke wangu kaacha kumenya viazi, kahesabu kwa vidole, karudia. Anasema nimeupindua tena, kwamba hivyo Tonge atatoka mzito kuliko hata ile Jumamosi. Nimemwambia hesabu aniachie mimi, yeye ashughulike na kuku.