Kengele ya Kuku wa Shangazi

Wenzangu wa darasa la umeme, leo sina uso. Ule niliokuwa nao nimeuosha kwa sabuni ya kufulia na bado unanuka kuku.

Niko hapa Mbololo kwa Shangazi Wakesho tangu tufunge chuo. Maneno ya baba mnayajua: ati msichana na umeme wapi na wapi, afadhali nihamie ushonaji. Basi leo alikuwa anatoka Mboghoni kuja kujionea mwenyewe nimejifunza nini. Akiridhika, nabaki. Asiporidhika, muhula ujao mnanikuta kwenye cherehani.

Kwa bahati nzuri (nilidhani ni nzuri), kuku wa shangazi wamekuwa wakiibwa. Nikasema, hapa ndipo pa kumwonyesha mzee! Nikatengeneza kengele. Betri, yale mawe ya redio, na kengele yenyewe nikavifunga kwenye ukuta wa jikoni, nikavuta waya mpaka banda la kuku. Mlango wa banda ukifunguliwa, vibati viwili vinagusana, kengele inalia. Ndani ya banda nikaweka swichi ya kuizimia, ili shangazi akiingia kuokota mayai asiamshe kijiji.

Jana tukaujaribu mlango. Ikalia hiyo! Shangazi akapiga vigelegele, akazunguka kwa majirani: "Mkisikia kengele kwangu, msiulize. Njooni na chochote mlichoshika."

(Swichi sikuijaribu. Ya nini? Swichi ni swichi.)

Leo shangazi kaenda barabarani kumpokea baba. Mimi nikakumbuka waya za ndani ya banda zinaning'inia ovyo. Mzee asije akaona kazi chafu! Nikafungua mlango, nikaingia kwa magoti.

Ngriiiii!

Sina wasiwasi. Nikabonyeza swichi.

Ngriiiii!

Nikauvuta mlango nyuma yangu, maana mlango ukifungwa kengele inanyamaza. Ngriiiii! Na huko nje komeo la mbao likaangukia mahali pake. Tak.

Jamani. Ile swichi niliiunga sambamba na vibati vya mlango. Yaani badala ya kuukatia umeme njia, niliufungulia njia ya pili. Mchoro wa mwaka wa kwanza huo!

(Najua mnachosema: si ungebonyeza tena? Wee, jaribu kukumbuka masomo huku jogoo amekukanyaga kichwani na kuku wote wanaruka kama wamesikia kesho ni Krismasi.)

Mara nikasikia miguu. Mingi. Na sauti ya jirani yetu Mzee Maghanga:

"Yumo ndani! Nimemsikia akikohoa!"

"Si mwizi, ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Mghoi!"

"Mwongo mkubwa! Mghoi ndiye aliyeitega hiyo kengele. Mtu anaweza kujitega mwenyewe?"

Swali zuri.

Mama mmoja akauliza kama kuna mtu ana maji ya moto. Hapo nikaanza kutaja ukoo wetu wote, nikaanzia kwa babu nikashuka, wajue kweli ni mimi.

"Wui!" akasema Mzee Maghanga. "Hata majina ya watu ameiba!"

Kisha nikasikia sauti ya baba. "Kuna nini hapa?"

Watu wote wakanyamaza. Kengele haikunyamaza.

Komeo likainuliwa. Mle bandani hakuna nafasi ya kugeuka, kwa hiyo nilitoka kinyumenyume. Kitu cha kwanza alichokiona baba, baada ya safari yote ile kutoka Mboghoni, sitakitaja. Uso ulifuata baadaye, na yai limepasuka sikioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaniangalia juu mpaka chini. "Hii ndiyo kengele ya kukamata wezi?"

"Ndiyo, baba."

"Imekamata."

Wee! Watu walicheka mpaka Mzee Maghanga akaketi chini na jembe lake, anafuta machozi. Shangazi, shangazi yangu wa damu, alishikilia ukuta. Mimi nikakimbilia jikoni, nikang'oa waya kwenye mawe kwa hasira. Ikawa kimya, na kicheko sasa nikakisikia vizuri zaidi.

Tulipokula chakula cha mchana sikuinua macho. Nilikuwa najiona kabisa nikipiga pindo la sketi za watu. Baba akala, akanawa, akanywa chai. Mwishowe akamgeukia shangazi.

"Ile kengele tuliisikia tukiwa bado barabarani, sivyo?"

"Barabarani kabisa," akasema shangazi, anauma midomo.

"Ndizi zangu zinaibwa kila mara. Nataka moja kama hiyo."

Nikainua kichwa. "Baba, kwa hiyo nihamie ushonaji ama nibaki?"

"Ubaki kwenye umeme," akasema. "Ni wazi hujamaliza kujifunza."

Nimefurahi mpaka nimemsalimia jogoo. Lakini Mzee Maghanga ameshapita nyumba zote kusimulia, na najua habari itafika chuoni Voi kabla yangu. Kwa hiyo ndugu zangu, sitawakataza. Chekeni sasa hivi, kila mtu akiwa kwao, mcheke mpaka mmalize kabisa. Chuo kikifunguliwa, nawaomba mnisalimie kama mtu aliyetoka likizo.