Birika Langu Lilivyopigwa Mnada

Ukungu wa Makambako ulikuwa bado umelalia barabara, nami nimeshachemsha birika la kwanza. Wateja wangu watatu walikuwa kwenye benchi. Wakili hakusoma sheria. Aliwahi tu kutoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi mahakama ya mwanzo. Parachichi ni mama mwenye miche themanini ya parachichi na hadithi za miche mia nane. Mnada anauza viazi siku za wiki, na Jumapili ananadi sadaka za mazao nje ya kanisa letu.

"Mmesikia redio?" Wakili akaanza. "Wakopeshaji wa kwenye simu hawaruhusiwi kuwatumia ndugu na jamaa zako ujumbe wa deni lako. Na akija mtu kubeba kitu chako, mwulize karatasi ya mahakama."

"Na mkataba uwe kwa lugha unayoielewa," Parachichi akasema. "Nakala upewe."

"Aje kwangu huyo," Wakili akasema. "Namkalisha chini, namwuliza leseni, anaanza kulia."

"Wewe?" Mnada akasema. "Juzi mgambo kakuuliza saa, ukampa mia tano."

Nilijua kwa nini wanaongea hivyo huku wakitazama vikombe. Siku tatu mfululizo kampuni moja ya mikopo ilikuwa inawatumia ujumbe: "Mwambieni Tabea alipe, ni tapeli." Hakuna aliyenigusia. Ila Mnada alianza kukataa chenji, na Parachichi akaniletea mkaa, eti umemzidi nyumbani. Mkaa umzidi mtu, kwa baridi hii.

"Semeni tu," nikawaambia. "Tabea ni mimi."

"Tapeli gani anauza chai mia tatu?" Mnada akasema.

"Lakini bibi, ulikopea nini?" Wakili akauliza.

Nikawaeleza, maana aibu tumeshazoeana. Sikukopea ugonjwa wala ada. Siku ya mavuno kanisani Mnada alinyanyua jogoo, jirani yangu Oktavia akasema elfu ishirini huku ananitazama. Nikasema arobaini. Nikampa mchungaji jogoo, maana kwetu anayeshinda mnada humzawadia mtu, vigelegele vikapigwa, nami sina hata elfu mbili. Nikakopa kwenye simu. Kila ilipouliza, nilibonyeza kubali, sikusoma hata mstari mmoja. Sasa arobaini imekuwa tisini na tano.

"Yaani mwenye makosa ni mimi," Mnada akasema.

"Ulisema mama Tabea ana moyo," nikamjibu.

"Nawaambia wote hivyo, bibi."

Pikipiki ikasimama. Akashuka kijana mwenye fulana ya kampuni, jina lake Elius.

"Kamwene," akasalimu kama watu wa huku.

"Kamwene, kamwene." Simba wangu wote wakasimama. Wakili akamfutia benchi kwa mkono wa koti lake. Parachichi akamtilia sukari. Mimi nikammiminia chai, maana vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi.

"Namtafuta Tabea."

Tukamtazama Wakili. Wakili akatazama mawingu.

"Ni mimi, mwanangu," nikasema.

"Pole, bibi. Nimetumwa nichukue birika."

Bila birika hakuna chai, na bila chai sijui hiyo tisini na tano ningeitoa wapi. Kijana akamimina chai yangu kwenye ndoo taratibu, hakumwaga hata tone. Kisha akalinyanyua birika juu, aone kama linavuja.

Hapo ndipo alipokosea. Mnada akiona kitu kimenyanyuliwa mbele ya Walutheri, mdomo unafunguka wenyewe.

"Wapendwa, birika hili limetoka kwa mama yetu. Nani anaanza na elfu moja?"

"Elfu moja," Parachichi akasema.

"Mbili," Wakili akasema.

"Tatu," nikasema mimi, mwenye birika.

"Saba," akasema Elius. Alipokuwa anamalizia chai ndipo tukajua kwao ni Matamba, na baba yake ni mzee wa kanisa.

"Saba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Limekwenda kwa mgeni wetu. Unampa nani?"

Kijana hakufikiri. "Nampa mama," akasema, kama tunavyosema Jumapili tukitaka kuonekana watu. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Tukapiga makofi. Yeye akabaki anaitazama mikono yake mitupu.

Ndipo sauti ya Wakili iliporudi. "Karatasi ya mahakama unayo?"

"Sina."

"Na mkataba wa mama?"

"Nitauleta."

"Kwa Kiswahili," Parachichi akasema.

"Mwanangu," nikamwambia, "nilichokopa nitalipa, kidogo kidogo kila wiki, na risiti unipe. Hiyo nyongeza tutaisoma pamoja kwenye mkataba. Birika libaki, ndilo litakalokulipa."

Akakubali. Akamaliza chai yake, akamwachia Mnada namba ya simu, akaondoka.

"Mmeona nilivyomkalisha chini?" Wakili akasema.

"Ulimfutia benchi," Parachichi akamjibu.

Mnada alikuwa anahesabu kwa vidole. "Jamani," akasema, "ile elfu saba hakuitoa."

Tukatazamana. Ahadi ya mnada ni deni, hilo kila msharika analijua. Wakili akatoa simu haraka. "Tumtumie baba yake ujumbe. Na mchungaji wa Matamba. Na shangazi zake wote."

Nikamshika mkono. "Redio imekataza. Mtumie mwenyewe tu, mchana, akishakula. Na uanze na kamwene."