Azimio la Kunyamazisha Mbuzi

Kwa heshima ya Mfalme, kwa faida ya ustaarabu na kwa afya ya Bwana Mkubwa, ilitangazwa mjini Kindu kwamba mbuzi wote wa mtaa wa Weusi wataacha kulia tangu adhuhuri mpaka filimbi ya reli ya alasiri. Tangazo lilikuwa halijawa sheria. Serikali ya Ubelgiji haionei mbuzi. Lilipaswa kwanza kupigiwa kura na Baraza la Mtaa, kwa uhuru kamili, siku ya Jumamosi. Zizi la mbuzi wakosaji lilikuwa limeshajengwa.

Bwana Mkubwa, msimamizi Mzungu wa teritori ya Kindu, hulala kila adhuhuri, na nchi haiwezi kuendelea ikiwa msimamizi wake hajalala vizuri. Kila mbuzi atakayelia angepelekwa kurekebishwa tabia. Marekebisho yangefanyika jikoni kwa Bwana, kwa vitunguu.

Kura ya Baraza ilikuwa nyepesi: anayekubali anasimama, anayekataa anabaki amekaa. Ila ilikuwepo desturi nyingine, ambayo haikuhitaji kuandikwa, kwamba hakuna Mweusi anayekaa Bwana Mkubwa akiwa amesimama. Akikaa, atakwenda kukaa gerezani. Na Bwana Mkubwa alisoma maazimio yake yote wima, akabaki wima mpaka kura zimalize kuhesabiwa. Hivyo hakuna azimio lililowahi kuanguka. Baraza lilishakubali faini ya baiskeli isiyo na kengele, mipapai ipandwe kwa mstari kama askari, na mvua ishukuriwe rasmi. Bwana aliwaandikia wakubwa wa Bukavu kwamba watu wa Kindu wana umoja wa ajabu.

Kalume, fundi wa reli na mzee wa Baraza, alijivunia umoja huo. Hakuna aliyesimama haraka kumshinda. Kifua mbele, kidevu juu, utadhani anapigwa picha. Lakini safari hii azimio liliingia nyumbani kwake bila kubisha hodi.

"Baba Claudine," aliuliza mkewe Hadidja, "ile maneno ya mbuzi, utasimama?"

"Bwana akisimama, nani atakaa? Unataka nifungwe?"

"Sawa. Mbuzi yangu Tarumbeta nilipewa na mama yangu kule Lokandu. Siku anaingia jikoni kwa Muzungu, miye naingia mutumbwini, narudi kwetu."

"Hadidja! Miye ni mukubwa wa Baraza!"

"Mukubwa ya kusimama. Hata nguzo ya simu iko inasimama, na haijiite mukubwa."

Nje, Tarumbeta, mbuzi mwenye koo pana kuliko yote ya Kindu, aliunga mkono hoja.

Kalume akaenda kwa Désiré Tshimanga, karani wa Baraza, Mkasai mwenye miwani na subira.

"Ndugu, hakuna namna ya kukataa nikiwa nimesimama?"

"Hapana. Kukataa njo kukaa."

"Na kukaa?"

"Njo gereza."

"Sasa uhuru iko wapi?"

"Iko katikati," alisema Tshimanga. "Kuchuchumaa. Lakini bado haijapigiwa kura."

Kalume hakucheka. Karani akamwonea huruma. "Jumamosi Komiseri wa Wilaya anakuja kutazama namna tunapiga kura. Ule njo mukubwa wa Bwana Mukubwa. Siku hiyo hata Bwana atakuwa na muntu wa kuogopa."

Kalume akainamia meza ya karani. "Na muzee wa Baraza anaweza kuleta azimio yake mwenyewe?"

"Inaruhusiwa. Hakuna aliyekuwa mujinga vile."

Kalume akarudi nyumbani mbio. "Mama Claudine, Jumamosi unapika chakula ya Komiseri. Wali, samaki, sombe ya majani ya muhogo, mawese bila huruma. Na pilipili."

"Pilipili kiasi gani?"

"Mupaka magoti yakumbuke kazi."

Jumamosi, Komiseri alikula, akarudia, akalegeza mkanda, kisha akaanguka kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha la ukumbi wa Baraza. Bwana Mkubwa akasimama kusoma azimio la mbuzi. Baraza zima likasimama. Komiseri akaanza kutoka jasho kama chupa.

"Samahani, Mukubwa," alisema Kalume kwa unyenyekevu, "labda tunakuzibia upepo?"

"Ndiyo! Kaeni!"

"Wote, Mukubwa?"

"Wote! Na wewe, msimamizi, kaa, usiniwekee kivuli cha moto!"

Amri ni amri. Bwana Mkubwa akakaa. Baraza likakaa.

"Wanaokubali, hakuna," alitangaza Tshimanga. "Wanaokataa, wote, pamoja na mwenye azimio."

Bwana alifungua mdomo. Lakini kupinga rasmi hufanywa wima, na wima ilikuwa imekatazwa. Akaufunga.

Kalume naye akasoma lake, akiwa amekaa, polepole, jicho likiwa kwenye tumbo la Komiseri. "Kwa kuwa mbuzi ni wengi na Bwana ni mmoja, kwa kuwa kumhamisha mmoja ni rahisi kuliko kuhamisha wengi, Baraza linaazimia kwamba Bwana Mkubwa, kila adhuhuri, avushwe kwa mtumbwi, akalale Alunguli, ng'ambo ya mto..."

Pilipili ikafika ilikotumwa. Komiseri akaruka wima, akashika tumbo, akatoka mbio. Mkubwa akisimama, mdogo hakai: Bwana Mkubwa akaruka wima, mkono kwenye paji la uso. Bwana akisimama, Weusi hawakai. Kalume, kama kawaida yake, alikuwa wa kwanza.

"Limepita," alisema Tshimanga. "Kwa umoja wa ajabu."

Komiseri aliporudi, mwepesi na mwenye furaha, alimkuta Bwana amekuwa mwekundu kama mawese.

"Sikukubali! Nilisimama kwa heshima tu!"

"Hata sisi, Bwana," alisema Kalume. "Miaka yote."

Komiseri alifikiri. Kura hii ikifutwa, zitafutwa pia zile za miaka yote, zilizompatia yeye nishani. Akatia sahihi.

Jumatatu, adhuhuri, Bwana Mkubwa alishuka bandarini na mto wake wa kulalia kwapani. Watu walikuwa wamejaa ukingoni, wakitazama sheria ikitekelezwa. Katikati ya mto Lualaba alisimama kuwakaripia.

"Kaa chini, Bwana!" mpiga kasia alimfokea. "Mutumbwi haijue heshima!"