Kizimba Namba Saba na Picha ya Jumanne

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa, na tope la barabara ya stesheni linang'ang'ania ndala za watu kama lina kesi nao.

Lakini hapa Kilosa, kwenye kijiwe cha kahawa kilichoegemea ukuta wa ofisi ya kamati ya Soko la Gereji, hakuna aliyeizungumzia mvua. Mlangoni kulikuwa na tangazo jipya: orodha ya waliogawiwa vizimba vya soko imepotea kutokana na hitilafu ya kompyuta, hivyo watu wote waombe upya. Chini yake mhuri, na sahihi ya Frank, mwenyekiti wa kamati. Kijiweni Frank anaitwa Mengineyo, kwa sababu kila jambo zito hulichomeka mwisho kabisa wa ajenda, watu wakiwa wameshasimama kufuata soda.

"Hitilafu yenyewe hii hapa, imekaa inakunywa kahawa yangu," alisema Breki, mstaafu wa reli anayeuza kahawa pale, akimwonyesha Ulimboka kwa mdomo wa birika.

Ulimboka aliinamia kikombe. Yeye ndiye katibu wa kamati. Ana miaka hamsini na sita, na tangu mwaka jana anasoma kompyuta jioni kwenye ukumbi wa kanisa, ndiyo maana kijiwe kimembatiza Mwanafunzi. Kwaresima hii aliacha sukari na kashata. Alhamisi, baada ya sala ya asubuhi, akaona si haki kuisafisha roho na kuiacha mashine ya ofisi imejaa takataka. Ndani alikuta orodha, orodha mpya, orodha mpya kabisa, orodha ya mwisho, na orodha ya mwisho kweli. Akaacha moja aliyoamini ndiyo yenyewe, nyingine akafuta, na kapu la taka akalimwaga kama alivyofundishwa. Ile iliyobaki, alipoifungua, ilikuwa ya viti vya kuazima.

Kijiwe hakikumhurumia. Ditram, ambaye anaitwa Hansadi kwa kukumbuka kila neno linalosemwa mikutanoni, alidai Morogoro kuna fundi aliyefungua kompyuta ya mtu mpenda usafi wa namna hiyo akakuta ndani hamna hata waya. Breki akasema zamani relini behewa liliweza kupotea, lakini angalau reli zilibaki. Walimshauri Ulimboka aache kusali akiwa karibu na umeme. Alicheka nao kidogo, kicheko cha mtu anayeumwa jino.

Alikoma kucheka alipofika Odilia, mwuza maharage, mfuko begani na khanga imelowa. Alikuwa ameshalisoma tangazo. Hakupaza sauti.

"Kaka Ulimboka, jina langu lilisomwa mkutanoni. Kizimba namba saba, cha langoni. Miaka kumi na moja nimeuza maharage ya Mamboya juani nikiisubiri siku ile. Leo niombe upya kwa nani?"

Hansadi akathibitisha kwamba lilisomwa, tena watu walipiga makofi na mtoto mmoja akaamka akalia. Mengineyo, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote akichokonoa meno, akajibu kwamba kumbukumbu za wanywa kahawa si nyaraka za ofisi.

Hapo ndipo alipoingia Yusrah, mwalimu wa yale masomo ya jioni na fundi kompyuta. Ulimboka alikuwa amempigia simu mara nne tangu Ijumaa.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia, na Mwanafunzi akaitikia shikamoo ya mwalimu wake huku kijiwe kikibana vicheko. Breki alimjazia Yusrah kikombe, akakumbuka amefunga, akakirudisha. Alilalamika kwamba mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeanza siku moja, wateja wa kashata wamebaki wenye dhambi tu, na hao nao wanapenda kukopa.

Yusrah alisikiliza kisa chote, kisha akauliza kama mashine ilikuwa ikiwashwa kila siku. Ilikuwa ikiwashwa.

"Basi msilie," alisema. "Mlipoileta kwangu mwezi wa kwanza, niliipangia ijipige picha kila siku saa sita mchana. Si picha ya sura. Inashika mafaili yote jinsi yalivyo saa hiyo. Ukifuta faili leo, picha ya jana haina habari."

Mengineyo akaacha kuchokonoa meno. Alisema mambo ya ofisi ni ya ndani, kwamba watazame yeye na fundi peke yao, maana chumba ni kidogo.

"Chumba kinatosha watu wawili," Breki alimkubalia, "na hapa hatuna wawili tunaowaamini."

Basi kompyuta ikatolewa nje kama shahidi, na kitambaa chake cha kufuma kichwani, ikawekwa chini ya bati kwenye meza ya kahawa. Umeme ulivutwa kutoka kibanda cha Breki. Yusrah alibofya folda ya kamati, akachagua matoleo ya awali, na zile picha zikajipanga kwa siku: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Odilia, ambaye hakuwahi kuisogelea kompyuta, alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Mengineyo akawa mwepesi ghafla. Aliagiza irudishwe ya Jumatano, kwa kuwa ndiyo ya karibuni zaidi kabla ya kufutwa, watu waende wakafanye kazi. Ilionekana ni hekima. Hata Hansadi aliafiki kwa kichwa.

Ulimboka alikuwa akisali kimoyomoyo, lakini mkono wake ukanyooka kuelekea kioo.

"Mwalimu, ulitufundisha tufungue kwanza tusome, ndipo turudishe."

Yusrah alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akaifungua ya Jumatano. Hansadi akaisoma kwa sauti. Namba tano, namba sita, halafu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Namba saba, Goodhope."

Goodhope ni shemeji yake Mengineyo. Anauzia watalii vinyago kule Mikumi, na Kilosa mara ya mwisho alikuja harusini. Yusrah akaifungua ya Jumanne. Namba saba, Odilia. Akaifungua ya Jumatatu. Namba saba, Odilia.

Kijiwe kikahesabu siku. Jumanne alasiri Ulimboka alikwenda Mamboya kumzika mjomba wake, Hansadi akamsindikiza, wakarudi Jumatano jioni. Ufunguo wa ofisi aliukabidhi kwa mwenyekiti, hapohapo kwenye benchi.

Mengineyo alieleza kwamba tangazo limeshasema kuna hitilafu, na kompyuta yenye hitilafu inaweza kubadilisha jina yenyewe.

"Katika Watanzania wote," Breki aliuliza, "ikamchagua shemeji yako?"

Mwenyekiti akashika njia nyingine: kiofisi, ya karibuni ndiyo halali, na katibu atairudisha hiyo. Ulimboka akasimama.

"Kufuta nilifuta mimi. Nimetubu kwa Mungu, na natubu kwako, dada Odilia. Lakini Goodhope sikumwandika, na ya Jumatano siirudishi."

Breki aliwatia tena kahawa. Alisema kwa upole kwamba kinachomkera ni kimoja: kama Mwanafunzi asingeharibu, wangebandikiwa ya Jumatano na pengine wangepiga makofi tena.

Yusrah alinakili ya Jumanne pembeni kwenye flashi, bila kugusa zilizokuwepo, akainakili na ya Jumatano ili watu wasije kuambiwa wameota. Alionya kwamba picha hizo zinakaa ndani ya mashine ileile, na mashine ikitupwa mtoni zinakwenda nayo. Mengineyo aliangalia upande wa Mto Mkondoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Odilia alitua mfuko wa maharage kwenye kizingiti cha ofisi, akaukalia.

"Siondoki hapa mpaka mwenyekiti aahidi kwa mdomo wake, hawa wakisikia. Na isiwe mwisho wa ajenda."

Mengineyo alitazama huku na huku. Watu wa stesheni walikuwa wameshajaa chini ya bati, na tangazo lake lilikuwa limeanza kubanduka kwa unyevu. Alivua kofia.

"Naahidi mbele yenu nyote. Orodha ya Jumanne itabandikwa leo hii kabla ya adhuhuri, na kizimba namba saba ni cha Odilia. Na naahidi tena: kuanzia sasa kamati hii haitumii kompyuta. Orodha zote nitaziandika mimi mwenyewe, kwa penseli."