Mzinga Wangu na Turubai la Jenerali

Jumatatu, 3 Juni
Haiwezekani! Meja ametangaza kwamba linakuja gari jipya la kutungulia ndege: mizinga na makombora juu ya gari moja, rada katikati, kiti kimoja cha kamanda. Mzinga wangu wa mitutu miwili, niliouhudumia miaka kumi na mmoja, utapakwa rangi na kuwekwa langoni kama pambo. Kiti atapewa atakayeng'ara kwenye mazoezi ya Ijumaa, mbele ya jenerali. Miwani, sajini wa makombora, akatabasamu. Anatabasamu nini? Kombora lake linafika kilomita nane, risasi zangu zinafika tatu, basi anajiona mwamba. Nimemwambia mama watoto kiti ni changu. Kufika jioni majirani wote walikuwa wananipongeza.

Jumanne, 4 Juni
Turubai la wageni limefungwa karibu na Miwani! Jenerali atamwona hata akipiga chafya. Mimi nitaonekana kama kisiki. Nimemweleza Meja, kwa heshima zote, kwamba kule kuna vumbi, ila chini ya kilima, nyuma ya mzinga wangu, kuna kivuli kizuri. Amekubali. Tena amenisifu kwa kujali wageni! Nimepigilia vigingi vyeupe kwa mkono wangu mwenyewe: mitutu ikivuka kigingi, hakuna kufyatua, maana upande ule ni turubai.

Jumatano, 5 Juni
Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Kombora la Miwani haliwezi kupiga kitu kilicho karibu mno. Linahitaji kama kilomita nzima. Karibu ndiko kwangu! Na droni ya shabaha inarushwa na nani? Na shemeji, kaka wa mke wangu. Nimemwomba aizungushe nyuma ya kilima, chini chini, aichomoze ghafla juu ya mzinga wangu. Akauliza mara mbili kama nina uhakika. Nimeudhika sana. Mtu alikubali nimwoe dada yake, leo ananitilia shaka kwa droni?

Alhamisi, 6 Juni
Koplo, mpiga mzinga wangu, kutwa nzima anakagua swichi ya usalama. Nimemwambia ajifunze kufyatua, kukagua kutamchelewesha. Ameitikia "ndiyo, afande", kisha akaendelea kukagua. Miwani naye kaniletea kitambaa safi cha kufutia mitutu, eti zawadi. Dharau tupu! Nimekipokea kwa sababu kilikuwa kizuri.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeuawa.

Kanuni ya mazoezi yetu ni hii: droni isipotunguliwa mapema inaangusha mfuko wa unga. Ukikuangukia, wewe ni maiti. Unakaa chini, mdomo umefumbwa, hadi filimbi ya mwisho.

Shemeji alifanya nilichomwomba, tena kwa ufundi. Droni ikachomoza nyuma ya kilima, juu kabisa ya turubai. Mzinga ukaigeukia, mitutu ikavuka kigingi changu, ikasimama usawa wa wageni. Nikaamuru kufyatua. Koplo akaondoa mkono kwenye kitufe.

"Afande," akasema taratibu, "pale kuna jenerali."

Jenerali alikuwa tayari chini ya meza, kikombe mkononi. Unga ukanipata kichwani. Droni ikaenda zake, ikamaliza kilomita ya kwanza, ikaingia ya pili, na Miwani akaitungua kwa kombora moja. Watu walishangilia kuizunguka maiti yangu.

Meja akauliza nani alipanga njia ile. Shemeji akaeleza yote, tangu mwanzo. Nilikuwa na majibu kumi! Mwamuzi akaninyooshea kidole: marehemu hasemi. Nilikaa dakika arobaini, unga masikioni, nikisikiliza mambo yangu yakianikwa.

Jumamosi, 8 Juni
Kiti kapewa Koplo! Meja anasema anamtaka mtu anayejua wakati wa kutofyatua. Nani alimfundisha? Mimi! Miwani atakuwa chini yake, ndiyo faraja yangu pekee. Mimi nimehamishiwa kwa shemeji, kujaza mifuko ya unga. Mchana niliupaka mzinga rangi. Niliona uchungu, sifichi. Nilipofika kwenye mitutu niliifuta kwanza kwa kitambaa cha Miwani, mara mbili. Nyumbani, mama watoto amekung'uta kofia yangu barazani, majirani wakitazama, akauliza kama jeshi limefungua kiwanda cha mikate.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari kwa kina. Kosa ni la shemeji: alirusha vizuri mno. Mwezi ujao Koplo na Miwani wataonyesha gari jipya mbele ya jenerali yuleyule, na mwenye mifuko sasa ni mimi. Nikiwaua wote wawili kwa mpigo, jenerali atajua ni kipaji gani kimetupwa. Njia nimeshaichora: nyuma ya kilima, chini chini. Mfuko nimeuongeza ujazo. Shemeji ameuliza tena, mara mbili, kama nina uhakika. Nimemwandikia Meja kuomba turubai lisisogezwe hata hatua moja. Nataka jenerali akae palepale, anione vizuri.